Baba Yuko Hai

Zablon aliharibu maombi ya mkopo wa binti yake kwa kusema kweli.

Ilikuwa mwezi wa saba, mpunga wa kijijini kwao Lusu umeshavunwa. Yeye na Recheli walipanda basi la asubuhi kutoka Nzega mpaka Tabora, wakaenda Kanyenye kwenye stesheneri ya Shomari. Nzega mjini kuna stesheneri tele, lakini Zablon hakuwa mtu wa kumpa mgeni vyeti vyake avishike. Shomari alikuwa mtani wake. Tena siku ile Shomari mwenyewe hakuwapo, alikuwa amekwenda msibani Urambo, na dukani alikuwapo mkewe, ambaye alikuwa hodari wa kutoa kopi na hakuwa na tabia ya kuuliza mambo ya watu. Recheli alikaa mbele ya kompyuta akajaza mwenyewe. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na alama nzuri, na Dodoma walikuwa wamemchagua kusomea uuguzi. Kilichobaki ni mkopo wa serikali, kwa maana bila mkopo Dodoma ilikuwa hadithi tu.

Swali likatokea kwenye kioo: baba wa mwombaji yuko hai au amefariki?

Recheli akasita. Akageuza shingo kumtazama Zablon, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini, mzima wa afya, ndevu zina chembe za mihogo.

"Yuko hai," alisema Zablon. "Andika."

Recheli akaandika. Zablon akatoa kitambulisho chake cha taifa kwenye mfuko wa shati, namba ikaingizwa, wakalipa, wakarudi kwao.

Kwa watu wa Lusu jibu lile halikuwa na kasoro. Aliyemzaa Recheli alikuwa Mhoja, kaka yake Zablon, na Mhoja alikufa Recheli akiwa bado anatambaa. Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walimweka Zablon katikati ya ua, wakamkabidhi mtoto, na Zablon akasema mbele ya watu wote kwamba kuanzia siku ile atakayemwita mtoto yule yatima amemtukana yeye. Kwa Wanyamwezi ndugu wa baba ni baba, hilo halihitaji kufundishwa. Wengine hulisema kisha wakalisahau mvua zikichelewa. Zablon hakulisahau. Mwalimu wa shule ya msingi aliwahi kumwandika Recheli kwenye orodha ya yatima wa kupewa sare, na Zablon aliacha kulima akaenda kwa miguu mpaka shuleni, akasimama mlangoni mwa darasa mpaka jina likafutwa. Kanisa la Moravian nalo lilipeleka blanketi. Alilirudisha likiwa bado kwenye nailoni. "Wapeni wenye shida," alimwambia mwinjilisti. Mama yake Recheli aliolewa tena Kahama, akawa anakuja mara mojamoja na khanga mkononi, anakaa kama mgeni, anaongea habari za mvua. Hata yeye alijua kuna jina halitajwi pale nyumbani.

Kwa hiyo swali lilipouliza kama baba yuko hai, alijibu anachokijua.

Ujumbe ulikuja mwezi wa nane kwenye simu ya Recheli. Alimfuata Zablon uani, alikokuwa anashona magunia, akamsomea. Taarifa za baba hazilingani na cheti cha kuzaliwa. Cheti kinasema Mhoja Kulwa. Kama Mhoja Kulwa yuko hai, waweke kitambulisho chake. Kama amefariki, waweke cheti cha kifo pamoja na kiapo cha mlezi. Muda wa kurekebisha ni wiki mbili, baada ya hapo ombi halitafikiriwa.

"Waambie ni mimi," alisema Zablon.

"Wanajua ni wewe, baba. Wanasema wewe si yeye."

Zablon alivuta uzi, akaukata kwa meno. Cheti cha kifo hakikuwapo. Nani Lusu angechukua karatasi ya kumthibitishia kwamba kaka yake amekufa, na yeye ndiye aliyeshika miguu wakimshusha kaburini? Kaburi lilikuwapo. Alidhani kaburi linatosha.

"Kesho twende kwa Shomari," alisema mwishowe. "Yule ataiambia hiyo kompyuta."

Shomari alikuwa Mzaramo wa Tabora. Uzaramo kwenyewe aliwahi kufika mara moja tu, kwa harusi, akarudi na mafua. Babu wa babu yake alikuja na misafara enzi zile za meno ya tembo, akaoa, akabaki, na ukoo ukawa wa mjini. Lakini Mzaramo na Mnyamwezi ni watani kwa sababu ya njia ile ile ya misafara, na utani hauishi kwa kuhama. Mtani anaweza kukuchukulia kuku wako, anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na ukikasirika kosa ni lako.

"Karibu, mgongo wa mizigo," alisema Shomari alipowaona mlangoni.

"Nimekaribia, Mzaramo usiye na mnazi."

"Shikamoo, mzee," alisema Recheli.

"Marahaba, mama. Umemleta huyu kwa miguu au umempandisha basi? Hawa wamezoea kutembea mpaka pwani."

"Tulitembea sisi," alisema Zablon, "na babu yako kivulini anatuhesabu."

"Alikuwa anawahesabu maana mlikuwa mnatoroka."

Wakacheka, wakapewa viti, Shomari akavaa miwani na kufungua ombi. Alisoma taratibu, midomo inacheza. Halafu akavua miwani.

"Mtani, hapa palipoandikwa yuko hai. Nani huyo aliye hai?"

"Mimi."

"Wewe uko hai, nakuona. Nauliza Mhoja."

"Mhoja unajua alipo. Ulilala mle kabla yake."

Ni kweli. Siku ya maziko Shomari alikuwa Lusu kununua mpunga, maana miaka ile biashara yake ilikuwa mpunga. Alipopata habari alikwenda akafanya kazi ya mtani. Kaburi lilipokuwa tayari aliruka ndani akalala chali, akakunja mikono kifuani, akasema nyumba ni nzuri, ina ubaridi, Mhoja akatafute nyingine. Watu walilia na kucheka kwa wakati mmoja. Ilibidi Zablon ampe jogoo ndipo atoke. Mpaka leo Zablon akikumbuka maziko yale, kitu pekee anachoweza kukikumbuka bila kifua kubana ni Shomari akitoka kaburini na udongo kwenye nywele.

"Basi tumeelewana," alisema Shomari. "Mhoja amekufa. Kwa hiyo kwa serikali huyu binti ni yatima."

Kwenye mashine ya kopi palikuwa na mteja, mashine ikawa inavuma. Recheli alitazama sakafu. Zablon alivaa kofia yake, akainuka, akatoka nje.

Shomari hakumkimbilia. Alimgeukia Recheli kwanza.

"Na wewe msomi, siku unajaza hukujua kwamba jibu siyo hilo?"

"Nilijua."

"Sasa?"

"Alikuwa amekaa hapo," alisema Recheli, na kuonyesha kiti.

Shomari akakitazama kile kiti. Akamwita muuza kahawa aliyekuwa anapita na birika lake, akachukua vikombe viwili, akatoka navyo, kimoja mkono huu na kingine mkono huu. Zablon alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka la jirani.

"Umekasirika," alisema Shomari. "Nitakutoza kuku."

"Chukua hata ng'ombe. Lakini neno lile usilirudie mbele ya mtoto."

"Nitalirudia. Mtani ndiyo kazi yake. Wangelisema ndugu zako mngeuana, ndiyo maana wamekaa kimya miaka yote hiyo."

"Nitauza ng'ombe nimsomeshe."

"Ng'ombe wa kulimia? Uza. Mwakani utafungwa jembe wewe, na Benedikta ashike mjeledi. Namjua mkeo, atafurahi."

Zablon hakucheka. Alikunywa kahawa yote kwa mkupuo, ikamuunguza, akavumilia.

"Niliapa, Shomari. Mbele ya watu. Sasa niende kwa wakili niape kwamba yule si mwanangu? Kiapo kipi kitakuwa cha kweli?"

"Uliapa hatalala njaa. Alilala?"

"Hapana."

"Uliapa hatadharauliwa. Nani alimdharau? Watu wanakuogopa mpaka leo. Umempa kila kitu, Mnyamwezi. Umemnyima kimoja tu. Mhoja."

"Mtu amekufa. Nimemnyima nini?"

"Hicho hicho. Hata kufa kwake hujampa."

Zablon aliyasikia maneno yale lakini hayakumwingia. Aliyaona ni maneno ya mtu wa mjini, mazuri kuyasikiliza, huwezi kuyafanyia kazi. Alikubali kwenda kwa wakili kwa sababu nyingine kabisa: alikuwa anataka kuiona hiyo karatasi, aikatae kwa kauli yake mwenyewe, mbele ya mtu mwenye mhuri.

Wakili Gaudensia alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, si mbali na soko. Mwanamke kijana, mchangamfu, anayeongea haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Aliwaamkia, akaandika jina, dini na makazi, akapiga chapa, akaanza kusoma kwa sauti. Mimi, Zablon Kulwa, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Lusu wilayani Nzega, naapa na kuthibitisha kama ifuatavyo. Kwamba mimi si baba mzazi wa Recheli Mhoja Kulwa.

"Hapo futa," alisema Zablon.

"Mzee, hicho ndicho kiapo chenyewe. Nikikifuta tunabaki na jina na anwani."

"Futa. Weka kwamba kaka yangu alikufa. Hilo nitaliapia."

"Hilo linafuata chini. Lakini serikali inataka kujua wewe ni nani."

"Mimi ni baba yake."

"Nakuelewa, mzee wangu. Kwetu Bukumbi ni hivyo hivyo, nina baba watano, na kila mmoja anadai mahari yangu. Lakini fomu ina nafasi ya mmoja."

Zablon alikunja mikono. Wakili alimtazama, akaona hapo hapasogei leo, akaamua kuendelea na sehemu nyingine ili asipoteze muda. Akamgeukia binti.

"Haya, twende kwa marehemu. Baba yako alifariki mwaka gani?"

"Sijui," alisema Recheli.

"Kadiria tu."

"Nilikuwa mdogo."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Sijui."

"Kazi yake?"

Recheli alifikiri. "Nadhani mkulima."

Zablon aligeuka kwenye kiti. Alimtazama binti yule kama anasikia lugha ngeni kinywani mwake. Mtoto mwenye kichwa kile, anayejua mifupa yote ya mwili kwa majina ya Kizungu, aliyemkosoa daktari wa zahanati kuhusu dozi ya Benedikta.

"Mhoja hakuwa mkulima," alisema. "Jembe alikuwa halijui. Hujui alikuwa anafanya kazi gani?"

"Hapana, baba."

"Kwa nini hukuuliza?"

Recheli hakuwa binti wa kujibu wakubwa, na mbele ya wakili ilikuwa vigumu zaidi. Alipojibu alijibu polepole, bila ubaya wowote.

"Ningemuuliza nani?"

Chini, dukani, mtu alikuwa anapima kitambaa, na mwenye duka anamwambia, "Wifi, kivute, hakikatiki hicho." Zablon alikisikia kila kitu. Kichwani alikuwa anaipitia nyumba yake chumba kwa chumba, anatafuta mahali ambapo mtoto angeweza kukutana na Mhoja. Shati lake alimpa mtu wa Itobo wiki ile ile ya matanga. Kamba zake na ndoo aliziuza. Picha ilikuwapo moja, iko chini ya sanduku la Benedikta, imefungwa kwenye kitambaa, na aliyeifunga ni yeye. Watu wakitaja jina anakohoa, wanabadilisha habari. Miaka yote alidhani analizuia neno moja lisiingie uani kwake. Sasa aliona kwamba mlango ule ule ndio alioufungia kaka yake nje.

Na yeye mwenyewe pia, hakumsikia Mhoja akitajwa tangu lini? Shomari tu ndiye aliyemtaja leo.

"Alikuwa mchimba visima," alisema Zablon. Hakujua kama anamwambia wakili au binti. "Visima vyote vya Lusu upande wa magharibi alichimba yeye. Alikufa kwa homa, siku tatu. Ilikuwa masika. Mwaka nitakutajia." Akautaja, na mwezi, na siku, bila kuhesabu kwa vidole. "Andika."

Wakili akaandika. Hakuongea haraka sasa.

"Na kile cha juu, mzee?"

"Nisomee tena."

Akamsomea. Kwamba mimi si baba mzazi wa Recheli Mhoja Kulwa. Zablon aliomba karatasi ashike mwenyewe. Aliacha shule darasa la tano, anasoma kwa kidole, na kidole chake kilikaa chini ya neno lile, si, kwa muda mrefu. Recheli alikuwa anatazama dirishani, na mikono yake kwenye mapaja ilikuwa imeshikana sana.

Zablon akaweka mkono juu ya Biblia, akarudia maneno mpaka mwisho kwa sauti ile ile anayoombea kanisani, akatia sahihi. Wakili akagonga mhuri. Zablon aliingia kwa Shomari mara moja tu kumwonyesha karatasi.

"Kuku bado nakudai," alisema Shomari.

"Njoo Lusu umkamate mwenyewe. Una miguu ya kukaa."

Cheti cha kifo kilitakiwa kitoke Nzega, wilayani, kwa kuwa ndiko Mhoja alikofia. Mtendaji wa kata alitoa barua, wazee wawili waliokuwapo mazikoni wakatia dole gumba, na Zablon na Recheli wakaenda kukaa kwenye benchi la ofisi mpaka wakaitwa. Karani alikuwa mtu mnene, mwenye usingizi, aliyeuliza maswali huku anaandika.

"Marehemu ni nani wako?"

Alimuuliza Zablon, lakini aliyejibu ni Recheli.

"Ni baba yangu."

Lilikuwa jambo dogo tu, watu husema hivyo kila siku kwenye ofisi zile. Zablon hakuwahi kumsikia Recheli akimwita mtu mwingine baba.

"Na huyu mzee?" aliuliza karani.

"Baba."

Karani akaweka kalamu chini. Akamtazama Zablon kuanzia kofia mpaka kandambili. "Mbona marehemu naye amekuja?"

Watu wa kwenye benchi wakaangua kicheko. Recheli alifunika mdomo kwa mkono. Hata Zablon, ambaye kwa siku zote zile uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la Ijumaa mchana, alihisi mdomo wake unamsaliti.

"Mlezi," alisema yeye mwenyewe. "Mimi ni mlezi wake. Baba yake alikuwa kaka yangu."

Alilisema mbele ya watu wasiopungua benchi zima. Hakuna aliyemshangaa. Karani akaandika, akasema warudi keshokutwa kuchukua, akaita mwingine.

Walikaa stendi kusubiri gari la Lusu. Recheli alinunua karanga akampa nusu, wakala. Alizungusha maganda mkononi, akauliza.

"Alikuwa mrefu?"

"Mhoja? Mfupi." Zablon akapima kwa mkono, hewani, chini ya bega lake. "Mfupi na mbishi. Ndiyo maana kazi ya visima ilimfaa, anaingia popote na hatoki mpaka apate maji. Kwaya alikuwa anaimba besi, na besi alikuwa hana. Mchungaji alimwomba aache, akahamia mstari wa nyuma akaendelea kuimba."

"Mimi je, nilimjua?"

"Ulikuwa unamlilia. Akirudi na matope ulikuwa unamlilia mpaka akuchukue, ukishachukuliwa unalia kwa sababu ya matope."

Gari lilipofika lilikuwa limejaa, wakaliacha, wakasubiri jingine. Zablon alikuwa hajamaliza.

Mkopo ulitoka mwezi wa kumi. Haukuwa wote, lakini ulitosha mtu mwenye nidhamu. Recheli alipiga simu kutoka Dodoma jioni, akaongea na Benedikta kwanza, kisha simu ikapewa Zablon. Aliuliza kama chakula kipo na kama mabweni yana vyandarua. Aliambiwa vyote vipo. Akasema vizuri. Kwa kawaida hapo ndipo angekata, maana aliona simu inakula hela ya mtoto.

"Ngoja," alisema. "Nimekumbuka jingine kuhusu baba yako."

"Nasikiliza, baba."

Akasogeza kiti karibu na ukuta, mahali mtandao unaposhika, akaanza kumweleza habari ya siku Mhoja alipochimba kisima cha shule na kukutana na chatu humo ndani.